Kabla Hujaing'oa Shaba: Kupima Laini ya Faiba Kati ya Nyumba Mbili, Lamu

Kichwa cha waya wa mtandao kilichokaa miaka miwili kwenye ukuta unaotazama bahari hapa Lamu utakijua kwa rangi. Vile vipini vinane vya RJ45 vilivyokuwa vinang'aa vinaanza kuota kutu ya kijani. Mtandao haufi siku hiyo. Kwanza swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa vifaa, inashuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, kwa sababu gigabiti 1 juu ya shaba inataka jozi zote nne za waya, na megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Halafu kamera moja inakatika usiku penye umande. Kisha masika yanaingia, radi inapiga upande wa Manda, na asubuhi unakuta poti tatu za swichi zimeungua kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana wenye nyumba na mafundi wengi wanahamia faiba, uzi mwembamba wa kioo unaobeba data kwa mwanga. Naunga mkono kwa moyo wote, lakini nimeona faiba nzuri ikilaumiwa bure kwa sababu aliyeivuta hakuipima. Aliona taa ya kijani kwenye swichi, akafurahi, akaikunja shaba akaondoka nayo. Taa hiyo inakwambia kwamba mwanga umefika. Haikwambii umefika kiasi gani, wala kama utaendelea kufika jua la saa saba litakapowaka juu ya mabati.

Mfano nitakaoutumia ni laini ya mita 240, kutoka nyumba iliyo karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hadi chumba cha maktaba cha madrasa upande wa Langoni. Shaba ya zamani ilikuwa vipande vitatu vilivyoungwa kwa swichi ndogo zilizowekwa kwenye nyumba za majirani, kwa kuwa waya wa shaba wa mtandao hauruhusiwi kupita mita 100 kwa kipande. Jirani akizima umeme, wanafunzi wanakosa mtandao.

Nianze kwa kusahihisha jambo moja. Faiba haikimbizi data njiani kuliko shaba. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na ishara ndani ya waya mzuri wa shaba husafiri karibu hivyohivyo. Unachopata ni umbali, nafasi ya kupandisha kasi baadaye bila kubadilisha kebo, na nyumba mbili zisizounganishwa na chuma. Kwa mji wetu wa radi na chumvi, hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa.

Hatua ya 1: Uliza shaba ilikuwa inafanya kazi gani

Usiguse kitu kabla hujaandika hali ya laini ya zamani. Ingia kwenye swichi, soma kasi ya poti, soma hesabu ya makosa ya CRC (pakiti za data zilizofika zikiwa zimeharibika), endesha jaribio la kasi kati ya kompyuta mbili, moja kila upande. Bila namba hizi hutakuwa na cha kulinganisha, na mwenye nyumba akisema "zamani ilikuwa nzuri zaidi" utabaki na maneno matupu.

Kisha fuata kila waya uone kama unabeba umeme. Kamera, simu za mezani za mtandao na vifaa vya Wi-Fi vya darini mara nyingi hulishwa umeme kupitia waya uleule wa data, ule mpango wa PoE. Kioo hakibebi umeme. Ukibadilisha kipande hicho kwa faiba, kifaa kitazima, na fundi atahangaika kutafuta kosa kwenye faiba ambayo haina kosa. Panga mapema umeme utatoka wapi upande wa pili. Kwa madrasa tuliweka swichi ndogo yenye PoE ndani ya maktaba, shaba ikabaki fupi fupi ndani ya chumba kimoja tu.

Hatua ya 2: Kebo inayofaa vichochoro vyetu

Kwa kuunganisha nyumba na nyumba mimi natumia faiba ya modi moja, ile ambayo kiini chake, yaani njia ya mwanga katikati ya uzi, ni mikroni 9 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya modi nyingi, ya mikroni 50, inafaa ndani ya chumba cha vifaa, lakini bei haina tofauti ya kukufanya uifunge nyumba kwa kebo itakayokubana kesho. Tafuta iliyoandikwa G.657.A2. Hiyo huvumilia kupinda hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5, wakati ile ya kawaida ya G.652 inataka milimita 30. Kona za Mkomani na Langoni hazina huruma, na punda akijisugua ukutani hukaza kebo pale ulipoiacha ikiwa imelegea. Ipitishe juu kuliko mgongo wa punda na mzigo wake.

Sasa soma ganda la kebo, kwani hapa ndipo wengi wanapoteza faida yote. Kebo nyingi za bei nafuu za kuvuta hewani zina waya wa chuma pembeni, na nyingine zina chuma ndani pia. Ukiingiza chuma hicho hadi kwenye kabati la vifaa, umeirudishia radi njia yake. Nunua isiyo na chuma kabisa, yenye viimarishi vya nyuzi za kioo na plastiki. Kama hukuipata, chana ule waya wa chuma, uufunge kwenye ndoano nje, ukate hapohapo, na uzi peke yake ndio uingie ndani.

Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na mji huu umekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Usitoboe nyumba ya kale bila kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Mara nyingi kuna tundu la zamani, au nafasi pembeni mwa boriti, inayotosha uzi wa milimita chache.

Kama ni lazima kutoboa, toboa kwanza, fagia, ngoja vumbi litue, ndipo ulete vichwa vya faiba. Vumbi la chokaa ni adui wa kazi yote inayofuata.

Hatua ya 3: Macho na miguu

Mwanga unaopita kwenye faiba hii, wa 1310 na 1550 nanomita, hauonekani kwa jicho. Usichungulie ndani ya kichwa cha faiba eti uone kama "kuna kitu", hata moduli, kile kifaa kinachochomekwa kwenye swichi kutuma na kupokea mwanga, ikiwa ndogo.

La pili silioni likiandikwa, nami nalisisitiza kwa kila kijana ninayefanya naye kazi. Nyumba zetu watu huvua viatu mlangoni na kukaa juu ya mkeka. Kipande cha uzi wa kioo kilichokatwa ni chembamba kama unywele, hakionekani, na kikiingia kwenye unyayo wa mtoto kutoka kwake ni kazi. Katia juu ya karatasi nyeusi, okota kila kipande kwa utepe wa gundi, weka kwenye chupa yenye kifuniko, uondoke nayo. Kunja mkeka kabla ya kuanza. Usile hapo mezani.

Hatua ya 4: Safisha, tazama, ndipo uchomeke

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kwa ukamilifu, fanya hii. Kiini ni mikroni 9. Punje moja ya chokaa au ya chumvi iliyokauka inaweza kukifunika kizima. Mbaya zaidi, ukichomeka kichwa kichafu kwenye kisafi unavichafua vyote viwili, na punje ngumu inaweza kukwaruza kioo, ambapo hakuna kitambaa kitakachosaidia tena.

Tumia kalamu ya kusafishia ya kubofya, au kitambaa kisicho na manyoya na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi na huacha alama. Pangusa kwa alkoholi, malizia kwa upande mkavu, upande mmoja tu, usirudie hapo ulipopita. Kupuliza kwa mdomo hapana, pumzi ina maji. Kupangusa kwa kanzu au shati hapana.

Kisha tazama kwa hadubini ya faiba. Zipo ndogo za kuunganisha na simu, na pesa yake inarudi haraka. Unatafuta uso mweusi safi katikati, bila mkwaruzo unaopita kwenye kiini. Kama pachafu, safisha tena, tazama tena. Nimewahi kurudia mara tano kwa kichwa kimoja wakati wa kaskazi, upepo ukileta mchanga hadi sebuleni.

Angalia na rangi. Kichwa cha kijani kimesuguliwa kwa mshazari wa nyuzi 8, cha buluu kimesuguliwa sawa. Havioani. Moduli za SFP za kawaida zinataka buluu, na pachikodi (kebo fupi za faiba zenye vichwa pande zote mbili) za kijani zilizobaki kutoka kwa wafungaji wa intaneti ya nyumbani zimejaa mitaani. Ukilazimisha vikutane, vinashikana vizuri kabisa huku mwanga mwingi ukipotea.

Kofia za plastiki zirudi mahali pake kila mara unapochomoa.

Hatua ya 5: Hesabu kabla ya kupima

Andika kwanza kiasi unachotarajia kupotea, la sivyo namba ya mita haitakuambia kitu. Mwanga hupimwa kwa desibeli: ukipoteza 3, umebaki na nusu, ukipoteza 10, umebaki na sehemu moja ya kumi.

Kwa laini yetu, nachukua vipimo vya juu vinavyoruhusiwa. Uzi wenyewe, 0.4 kwa kilomita, kwa mita 240 ni kama 0.1. Maungio mawili ya kuchomea, moja kila mwisho, 0.3 kila moja, ni 0.6. Viunganishi viwili, 0.75 kila kimoja, ni 1.5. Jumla desibeli 2.2. Kazi safi itatoa chini ya 1, kwa hiyo nikiona 1.8 sitaikataa kwa mujibu wa karatasi, ila najua kuna kichwa kichafu mahali fulani na nitakitafuta.

Linganisha na moduli. Moduli ya kawaida ya gigabiti 1 ya kilomita 10 hutuma kati ya −9.5 na −3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), na husikia hadi karibu −20. Una nafasi ya desibeli 10 hivi. Ile ya gigabiti 10 ya aina ya LR hutuma kuanzia −8.2 na mwisho wa kusikia ni −14.4, kwa hiyo nafasi imebaki 6.2. Laini inayopotezea 7 itakufanyia kazi leo kwa gigabiti 1 na kukuangusha siku utakapopandisha hadi 10. Pima kwa ajili ya siku hiyo. Na usiletewe moduli za kilomita 80 kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Kwa mita 240 zinaweza kuzidisha mwanga kwenye kipokezi na kukiharibu.

Hatua ya 6: Chanzo cha mwanga na mita

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Vifaa ni viwili, chanzo cha mwanga cha 1310 na 1550, na mita ya nguvu ya mwanga, pamoja na pachikodi mbili nzuri ambazo hutazitumia kwa kazi nyingine.

Washa chanzo, kiache dakika kumi kitulie. Unganisha chanzo na mita kwa pachikodi ya kwanza, bonyeza kuweka sifuri. Kuanzia hapo usiichomoe pachikodi hiyo upande wa chanzo hadi umalize. Ukiichomoa, sifuri yako imekufa na unaanza upya. Ichomoe upande wa mita tu. Sasa chukua pachikodi ya pili, iunge na ya kwanza kwa kiungo, upime zote mbili. Ikionyesha zaidi ya 0.3 hivi, safisha, kwa sababu pachikodi mbovu itaibebesha laini dhambi isiyo yake.

Zikipita, tenganisha, chomeka ya kwanza kwenye kisanduku cha ukutani upande mmoja, ya pili na mita upande wa pili, soma. Andika 1310, andika 1550. Badilishana pande, pima tena kuelekea huku. Ukipata namba inayosema mwanga umeongezeka njiani, kipimo cha sifuri kilikuwa kibaya. Kioo hakizalishi mwanga.

Kwa madrasa tulipata 0.5 kwa 1310 na 0.5 kwa 1550, pande zote mbili. Kufanana huko kuna maana. Faiba iliyopindwa kupita kiasi huvujisha 1550 zaidi kuliko 1310. Miaka ya nyuma, kwenye kazi moja ya Shela, nilipima 1310 pekee nikapata 0.6, nikaridhika. Laini ikaanza kukohoa. Niliporudi na 1550 nikapata karibu 3. Kebo, tena ya aina ya kawaida, ilikuwa imekazwa kwa msumari kwenye ncha ya boriti inayotokeza ukutani. Tuliulegeza msumari ule mmoja, namba ikarudi 0.6. Wageni wa nyumba ile walikosa mtandao siku tatu kwa sababu yangu. Tangu hapo sipimi rangi moja.

Hatua ya 7: OTDR, pale inapohitajika

OTDR hupiga mapigo ya mwanga na kusikiliza mwangwi, halafu hukuchorea kila tukio liko umbali gani. Ni ghali, ya kukodi inatosha. Kama vipimo vya hatua ya 6 vimetoka vizuri na maungio ni mawili tu, mimi siikodi. Namba zikikataa na huoni sababu, ikodi.

Kwa laini fupi kama zetu, chagua mapigo mafupi, nanosekunde 5 au 10. Weka reli ya faiba, yaani kibiringo cha uzi wa ziada, ya mita 150 au zaidi mbele ya laini na nyingine nyuma yake, maana bila hizo mashine haioni viunganishi vya mwanzo na mwisho. Toa urefu wa reli ya mbele unaposoma umbali. Kumbuka pia kwamba mita za OTDR ni za kioo, si za hatua zako. Kama uliacha kunjo la mita 10 darini, hesabu nalo.

Usiye na OTDR tumia kalamu ya mwanga mwekundu. Baada ya swala ya isha, taa zikizimwa, pachikodi ya njano au nyeupe iliyopindika itang'aa pale inapovujia. Kwenye kebo nyeusi ya nje haitakusaidia, ganda lake halipitishi.

Hatua ya 8: Data halisi, shaba ikiwa bado ukutani

Sasa chomeka moduli. Zile za uzi mmoja huuzwa jozi, moja inatuma 1310 na kupokea 1550, mwenzake kinyume chake. Mbili za aina moja hazisikilizani.

Tahadhari: usiache faiba na shaba zimechomekwa pamoja kati ya swichi zilezile kama kinga ya mzunguko haijawashwa. Data itazunguka bila kikomo na mtandao wote utasimama. Jaribu faiba kwa kompyuta mbili peke yake kwanza.

Tumia iperf3, programu ya kupima kasi. Upande mmoja andika `iperf3 -s`, upande wa pili `iperf3 -c` ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ya kwanza, kisha `-t 86400`, ambazo ni sekunde za siku nzima. Rudia kwa muda mfupi ukiongeza `-R` kugeuza mwelekeo. Laini nzima ya gigabiti 1 hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde, zinazobaki ni mzigo wa vichwa vya pakiti. Ukipata 600, shuku kompyuta kabla ya kushuku kioo.

Siku nzima ni lazima. Kisanduku kilicho chini ya bati adhuhuri si kile cha alfajiri, na moduli za kawaida zimetengenezwa kwa joto la hadi nyuzi 70. Soma ndani ya swichi joto la moduli na mwanga unaopokewa, asubuhi na saa nane mchana. Kipimo cha moduli kinaruhusiwa kukosea hadi desibeli 3, kwa hiyo usikitumie kuipitisha laini. Kitumie kuona mabadiliko.

Mwisho soma makosa ya CRC. Standadi ya gigabiti juu ya shaba inavumilia kosa moja katika biti bilioni 10. Ya faiba inataka lisizidi moja katika biti trilioni 1. Kwenye laini fupi iliyo safi, mimi nataka sifuri baada ya saa 24.

Tulipofika hapa, maalim alinijia na mkasi mkononi.

"Mwanangu, ile ya zamani si tuikate sasa?"

"Maalim, naomba siku saba. Ichomoe pande zote mbili, lakini iache ukutani."

Kuichomoa pande zote mbili ni muhimu, kwa sababu shaba iliyobaki imechomekwa ni njia ya radi hata kama haitumiki. Siku ya nane tulisoma makosa tena, yalikuwa sifuri, tukaivuta kebo ya zamani na kuwarudishia majirani nafasi zao za ukutani. Namba zote nne za mwanga, tarehe, urefu na rangi ya vichwa ziko kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la maktaba, ili fundi atakayefungua baada yangu apime na alinganishe.